Kutoka Kibumba hadi Mubambiro: vikosi viwili vya kanda viliingia Kongo na kutoka, amani ikabaki palepale

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 2012. Safari hii askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wakiwamo vijana wetu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, walijikuta wamezingirwa ndani ya kambi zao za Goma na Mubambiro, karibu na mji wa Sake. Tarehe 13 Machi wakuu wa nchi za SADC walikutana wakasitisha mamlaka ya kikosi hicho, SAMIDRC. Kabla yake, Desemba 2023, kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, EACRF, nacho kilikuwa kimefungasha virago. Ndani ya miaka miwili na nusu hivi, jumuiya mbili za kanda zilipeleka majeshi Kivu Kaskazini na zote mbili zikayaondoa huku waasi wakishikilia ardhi kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo majeshi hayo yalipowasili.

Ninaandika kwa sababu mijadala mingi niliyoisoma humu inaishia katika kulaumu askari au kulaumu nchi moja. Mimi naona kosa lilianza mapema zaidi. Tulipoushangilia ushindi wa mwaka 2013 tulidhani umeletwa na askari peke yao, na kila kikosi kilichofuata kimejengwa juu ya dhana hiyo.

Naomba turudi kidogo mwaka 2013. Azimio 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi mwaka huo, liliunda Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, FIB, yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Wazo lake lilizaliwa katika vikao vya nchi za Maziwa Makuu na SADC, lakini brigedi ilipofika Kongo iliingia ndani ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa nchini humo. Jambo hilo watu hulipita haraka, nami nadhani ndipo penye uzito. Kuwa ndani ya MONUSCO kulimaanisha kwamba mafuta, chakula, hospitali, ndege za usafiri na helikopta za mashambulizi vilitoka katika mfumo ambao tayari ulikuwa umeota mizizi Goma na unalipwa na michango ya lazima ya nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kamanda alipopanga operesheni ya asubuhi, hakuhitaji kwanza kuuliza ni nchi gani itatoa ndege.

La pili ni shinikizo la kisiasa. Mwaka 2012 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba M23 ilikuwa ikisaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali ilikanusha, na wafadhili kadhaa, wakiwamo Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi, walizuia au kuchelewesha sehemu ya misaada yao kwa nchi hiyo. Februari 2013 ukatiwa saini Addis Ababa mpango wa amani, usalama na ushirikiano uliozifunga nchi za kanda kwa ahadi ya kutosaidia waasi wa nchi jirani. La tatu, jeshi la Kongo lenyewe lilipigana. Vikosi vilivyokuwa chini ya Kanali Mamadou Ndala vilikuwa mstari wa mbele, na brigedi ilivisaidia kwa mizinga na helikopta. Novemba 2013 M23 ilitangaza kuacha uasi, na wapiganaji wake wakakimbilia Uganda na Rwanda.

Sasa tazameni EACRF. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022, na tarehe 13 Juni M23 iliyofufuka ikauteka mji wa Bunagana mpakani mwa Uganda. Makubaliano ya kupeleka kikosi yalisainiwa Kinshasa Septemba 2022 kati ya Katibu Mkuu wa jumuiya, Peter Mathuki, na waziri wa Kongo, Christophe Lutundula, na Novemba askari wa Kenya wakatua Goma, chini ya Meja Jenerali Jeff Nyagah. Rwanda haikuhusishwa kwa matakwa ya Kinshasa. Walipokewa kwa matumaini makubwa mno.

Matumaini hayo yalikuwa ya aina mbili zisizopatana. Kinshasa iliamini kwamba kikosi kimekuja kupigana na M23. Nairobi iliamini kwamba kimekuja kusimama katikati, kupokea maeneo ambayo waasi wangeyaachia, na kuupa nafasi mchakato wa mazungumzo uliokuwa ukisimamiwa na Uhuru Kenyatta, rais mstaafu wa Kenya. Tena kila upande ulikuwa na maandishi ya kuegemea, kwa kuwa mkutano mdogo wa Luanda wa tarehe 23 Novemba 2022 ulitamka kwamba waasi wasipoondoka, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wataidhinisha matumizi ya nguvu. Waasi hawakuondoka kwa namna iliyoagizwa, na idhini hiyo haikuja.

Kilichofuata ni sherehe za waasi kukabidhi maeneo kwa kikosi: Kibumba mwezi Desemba, Rumangabo mwezi Januari. Mbele ya kamera waasi walipeana mikono na maofisa wa kikosi, lakini wananchi wa vijiji vya jirani waliendelea kuwaona waasi walewale. Februari 2023 watu wa Goma waliandamana dhidi ya kikosi walichokuwa wamekipokea miezi mitatu tu nyuma. Mwezi huohuo, mjini Bujumbura, Rais Tshisekedi wa Kongo alionekana kwenye video akimwonya kamanda hadharani asiwapendelee waasi. Aprili Jenerali Nyagah aliondoka akitaja vitisho dhidi ya usalama wake. Muda wa kikosi uliongezwa kwa vipindi vifupi vifupi hadi tarehe 8 Desemba 2023, Kinshasa ikakataa kuongeza tena.

Wiki moja baadaye, tarehe 15 Desemba, SAMIDRC ikaanza kazi. Safari hii lugha ilikuwa tofauti: SADC ilisema wazi kwamba inakwenda kulisaidia jeshi la Kongo kupambana na makundi yenye silaha. Nchi zilikuwa zilezile tatu za mwaka 2013, na naamini ndiyo maana wengi wetu tulidhani matokeo nayo yangekuwa yaleyale. Idadi iliyokusudiwa ni askari 5,000, na Afrika Kusini peke yake iliidhinisha 2,900. Lakini hakukuwa na bajeti ya Umoja wa Mataifa nyuma yao; Baraza la Usalama liliiruhusu MONUSCO kuwasaidia kwa usafirishaji na taarifa mnamo Agosti 2024 tu, kwa azimio 2746, na kwa kadiri ya uwezo wake wakati ambao MONUSCO yenyewe ilikwisha takiwa kuondoka. Hakukuwa na helikopta za mashambulizi za kutosha kubadili mkondo wa vita, na upande wa pili ulikuwa na silaha nzito kuliko zile za mwaka 2013. Shinikizo la wafadhili dhidi ya Kigali lilikuwa hafifu hadi Goma ilipokwisha anguka.

Naomba michango yenu, hasa ya wenzetu wa Kenya na Kongo.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ndugu, asante kwa uzi uliotulia. Hata hivyo naomba nisikubaliane nawe jinsi ulivyoieleza EACRF, kwa sababu umeitaja kana kwamba haikufanya lolote. Kati ya mapema mwaka 2023 na Oktoba mwaka huo kulikuwa na kipindi ambacho mapigano makubwa kati ya jeshi la Kongo na M23 yalipungua kwa kiasi kikubwa. Barabara zilizokuwa zimefungwa zilipitika tena kwa miezi kadhaa, na watu wakarudi mashambani. Bunge letu liliidhinisha zaidi ya askari 900 kwa fedha za mlipakodi wa Kenya, kwa sababu utaratibu wa jumuiya ulikuwa kila nchi ijigharimie. Hatukuwapeleka vijana wetu kuanzisha vita na kundi ambalo jeshi lenye nchi lilikuwa limeshindwa kulizuia. Tuliwapeleka kulinda usitishaji mapigano ili wanasiasa wazungumze. Wanasiasa hawakuzungumza: Kinshasa ilikataa kukaa meza moja na M23 kwa kipindi chote hicho. Kikosi cha kusimama katikati hakiwezi kulaumiwa kwa mazungumzo ambayo hayakufanyika.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina nguvu, na ninakubali kwamba nilipaswa kuutaja utulivu ule wa miezi kadhaa, kwa sababu kwa mama aliyeweza kuvuna maharage yake msimu huo haukuwa jambo dogo.

Hata hivyo hoja yako inanirudisha pale niliposhika. Kama Kenya ilijua kwamba inakwenda kusimama katikati, na Kinshasa ikawaambia wananchi wake kwamba jeshi linakuja kuwafukuza waasi, basi tofauti hiyo ilikuwapo siku ambayo makubaliano yalisainiwa Septemba. Ilikuwa ni wajibu wa viongozi waliokaa kwenye meza ile kuimaliza kabla ndege ya kwanza haijaruka, na hawakuimaliza, kwa sababu kila upande ulikuwa na haraka ya kuonekana unatenda. Afisa wa ngazi ya bataliani ndiye aliyekuja kuulizwa na mwanakijiji wa Kibumba kwa nini hapigi risasi.

Kuna jambo lingine ambalo sikulisema vya kutosha. Uganda iliyoshika Bunagana chini ya bendera ya EACRF ndiyo Uganda iliyokuwa na jeshi lake Ituri na Kivu Kaskazini tangu Novemba 2021, katika operesheni ya pamoja na jeshi la Kongo dhidi ya ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, na baadaye ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa ziliituhumu kuwapa M23 nafasi, tuhuma ambazo Kampala imezikataa. Burundi ilikuwa na askari ndani ya EACRF na pia ilikuwa na makubaliano yake ya nchi mbili na Kinshasa, yaliyowafanya askari wake wengine wapigane bega kwa bega na jeshi la Kongo. Mwananchi wa Masisi angetofautishaje askari wa Burundi aliyekuja kusimama katikati na askari wa Burundi aliyekuja kupigana? Majirani wana faida moja kubwa, kwamba wanafika haraka na wanaijua nchi. Wana pia hasara yake, kwamba kila mmoja ana mpaka, biashara na maadui wake wa kuwalinda au kuwafuata huko huko anakopeleka walinda amani.

Mchangiaji kutoka Goma

Nawasalimu wote. Nimezaliwa Goma na nimeishi hapa nyakati zote mnazozitaja. Naomba niseme machache kuhusu askari wenyewe, kwa sababu mnajadili maazimio na mikutano, nasi tulijadiliana na watu.

Watanzania na Wakenya walizungumza Kiswahili nasi. Hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu askari wa MONUSCO kutoka mbali walihitaji mkalimani hata kwenye kizuizi cha barabarani, na mkalimani husikia anachotaka kusikia. Mwaka 2013 watu walikuwa wakiwapungia mikono Watanzania wanapopita kuelekea Kibati, na Meja Khatibu Mshindo alipouawa Agosti mwaka ule, watu wa mtaani kwetu waliomboleza kama waliofiwa. Wakenya walipofika Novemba 2022 tuliwatazamia vivyo hivyo. Lakini lugha moja ina upande wake wa pili: askari anayekuelewa vizuri huwezi kumsingizia kwamba hakuelewa. Tulipomwambia kwamba waasi wako kilima kile, na yeye akajibu kwa Kiswahili safi kwamba hana amri, uchungu ulikuwa mkali zaidi kuliko kama angenyamaza.

Kuhusu SAMIDRC, walipigana. Tuliisikia mizinga upande wa Sake kwa mwaka mzima, na tulizika. Naomba wanaoandika kwamba walikaa tu kambini wafikirie tena.

Mwanzisha uzi

Asante sana, ndugu yetu wa Goma. Niongeze takwimu kwa heshima ya hao uliowataja. Aprili 2024 SADC ilitangaza kwamba askari watatu wa Tanzania waliuawa kwa kombora lililoanguka karibu na kambi yao. Katika mapigano ya Januari 2025 Afrika Kusini ilipoteza askari 14, baadhi yao wakiwa chini ya MONUSCO, Malawi ilipoteza watatu na JWTZ ikathibitisha vifo vya askari wetu wawili. Miili ya Waafrika Kusini ilipitishwa Rwanda na Uganda ndipo ikasafirishwa kwa ndege kwenda kwao, kwa sababu uwanja wa ndege wa Goma haukuwa ukitumika tena. Na kabla ya hapo kuna Semuliki: usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania wa MONUSCO ilishambuliwa na watu walioaminika kuwa ADF, na askari wetu wapatao 15 wakauawa. Hapa kwetu habari hizi hupita kwenye magazeti kwa siku mbili, kisha hubaki kwa familia.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Wakuu, nina maswali mawili. Kwanza, jumuiya ya kanda ina haki gani kisheria kupeleka jeshi nchi nyingine bila Baraza la Usalama? Pili, je, kuna mahali popote ambapo jambo hili limewahi kufanikiwa, au tunajadili kushindwa tupu?

Mwanzisha uzi

La kwanza: Sura ya Nane ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inazitambua jumuiya za kanda, na ibara ya 53 inazikataza kutumia nguvu za kulazimisha bila idhini ya Baraza la Usalama. EACRF na SAMIDRC hazikwenda kuilazimisha Kongo. Zilikwenda kwa mwaliko wa serikali inayotambulika, na mwaliko huo ulitosha kisheria. Udhaifu wake tumeuona: aliyekualika ana haki ya kukuonyesha mlango, na kikosi kinachojua hivyo huanza kupima kila hatua kwa kutazama uso wa mwenyeji.

La pili: yapo mafanikio. Machi 2008, chini ya Umoja wa Afrika, majeshi ya Tanzania na Sudan yaliungana na jeshi la Komoro kukirudisha kisiwa cha Anjouan chini ya serikali ya muungano. Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekishikilia kisiwa hicho, akakimbilia Mayotte, na kazi ikaisha kwa muda mfupi. Lengo lilikuwa moja na linaeleweka, kisiwa ni kidogo, na hakukuwa na nchi jirani iliyokuwa ikimpa Bacar silaha usiku. Somalia ni mfano wa aina nyingine. AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini humo, iliidhinishwa na umoja huo Januari 2007 na Waganda wakafika Mogadishu mwezi Machi, wakashikilia sehemu ndogo ya mji kwa miaka, hadi Agosti 2011 Al-Shabaab walipojiondoa katika sehemu kubwa ya jiji. Walidumu kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipa posho za askari, na kuanzia mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukaunda ofisi maalumu ya kuwapelekea chakula, mafuta na matibabu. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipopunguza mchango wake wa posho kwa asilimia 20, nchi zenye askari zilianza mara moja kuzungumzia kuondoka.

Ndiyo maana nasema fedha ni sehemu ya mbinu za kivita, wala si kazi ya wahasibu. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2719, linaloruhusu hadi asilimia 75 ya bajeti ya operesheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika itokane na michango ya Umoja wa Mataifa. Azimio hilo lilipita mwezi uleule ambao SAMIDRC iliingia Kongo, lakini kila operesheni lazima ipigiwe kura peke yake, na SAMIDRC ilikuwa ya SADC, si ya Umoja wa Afrika. Afrika Kusini ilitenga zaidi ya randi bilioni 2 kwa mwaka wake wa kwanza, huku jeshi lake likilalamikiwa bungeni kwao kwa ndege zilizokaa chini kwa kukosa matengenezo.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nakubaliana nawe kuhusu fedha. Lakini naomba ujibu hili: kama ungekuwa Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, wakuu wa Afrika Mashariki na SADC walipokutana pamoja kwa mara ya kwanza kuhusu Kongo, ungewashauri nini?

Mwanzisha uzi

Ningewaambia kwamba walichofanya siku ile kilipaswa kufanywa Juni 2022, Bunagana ilipoanguka. Kwa zaidi ya miaka miwili kulikuwa na mchakato wa Nairobi uliozungumza na makundi ya Kongo na mchakato wa Luanda uliozungumza na serikali za Kinshasa na Kigali, kila mmoja na mpatanishi wake, na pembeni kulikuwa na kikosi kimoja baada ya kingine, kila kimoja cha jumuiya tofauti. Aliyebanwa Nairobi alikimbilia Luanda. Kinshasa ilipochoshwa na Afrika Mashariki iligeukia SADC bila kulazimika kujibu swali lililoifukuza EACRF, yaani itazungumza na M23 au haitazungumza. Mkutano wa Dar es Salaam uliagiza michakato iunganishwe, na hilo lilikuwa sahihi, ila Goma ilikuwa imekwisha anguka na Bukavu ikaanguka siku chache baadaye.

Ushauri wangu wa pili ungekuwa mgumu kusikika kwetu Watanzania. Kabla ya kupeleka bataliani nyingine, serikali ilieleze bunge kwa maandishi: adui ni nani, nani anamsaidia, tutamfanya nini huyo anayemsaidia, ndege zitatoka wapi, na tutaondoka kwa njia ipi mambo yakiharibika. Swali hilo la mwisho halikujibiwa mapema, na likajibiwa na mazingira. SADC ililazimika kukubaliana na M23 wenyewe, mwishoni mwa Machi 2025, kuhusu namna ya kuondoka. Tarehe 29 Aprili msafara wa kwanza wa askari na magari ulitoka Goma, ukavuka mpaka na kupita barabara za Rwanda, nchi ambayo SADC ilikuwa imetaka iondoe majeshi yake Kongo, hadi ukaingia Tanzania kuelekea kituo cha kukusanyikia kilichoandaliwa Chato.